Kabla Geti Halijagongwa: Nyumba ya Kuuzwa Lubumbashi Iandaliwe Vipi?

*Rangi mpya huvutia macho. Mnunuzi wa leo anataka kuona karatasi, paa, bomba na familia iliyokubaliana.*

Mnunuzi wa nyumba mjini Lubumbashi haji peke yake. Jumamosi asubuhi, geti linapogongwa huko Kalubwe, Bel-Air au Golf, anayetangulia ni komisionere, yaani dalali wa nyumba, simu sikioni. Nyuma yake wamo mume na mke, na pembeni yao shemeji anayejua kazi ya uashi.

Mwenye nyumba amekwisha kudeki sebule, kufua vitambaa vya makochi na kupaka rangi ukuta wa mbele. Soda ziko mezani.

Wageni husalimia, hukaa kidogo, kisha huinuka. Shemeji hana habari na makochi. Huinama kwenye kona ya chumba, akagonga plasta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Mke hufungua bomba la jikoni. Mume huuliza swali ambalo wauzaji wengi huomba lichelewe: karatasi za kiwanja ziko kwa jina la nani?

Hapo ndipo biashara inapokwama au inapoanza. Bomba likikohoa hewa tupu, plasta ikilia kama debe, na mwenye nyumba akianza kueleza kwamba karatasi ziko kwa kaka aliyesafiri, rangi ya jana haitamsaidia tena.

Makala haya yanatazama namna nyumba za mji huu zinavyoandaliwa ili wanunuzi waje kuziona. Mwandishi ana msimamo: maandalizi yanapaswa kuanza kwenye karatasi, paa na maji, na rangi ije mwisho. Kinyume cha hapo ni kumchosha mnunuzi na kujipunguzia bei.

Mji uliozoea mkaguzi

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na kwa miongo mingi nyumba zake nyingi hazikuwa za kuuzwa. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga makambi kwa ajili ya wafanyakazi wake. Nyumba ilikuja pamoja na kazi, na kazi ikiisha nyumba iliondoka.

Usafi wa nyumba hizo haukuachiwa hiari ya mkaaji. Wakaguzi walipita makambini. Katika vituo vilivyoitwa foyers sociaux, wake za wafanyakazi walifundishwa kupika, kushona na kupanga nyumba kwa mtindo ambao watawala Wabelgiji waliutaka. Baadaye, enzi za Mobutu, likaja Salongo, siku ya watu wote kushika fagio na koleo.

Kizazi kizima kilijifunza kuonyesha nyumba safi kwa mtu mwenye mamlaka. Mnunuzi ni mgeni wa aina nyingine. Hana uwezo wa kumwadhibu mwenye nyumba. Ana uwezo wa kuondoka na fedha zake.

Mnunuzi huyo aliongezeka baada ya mambo kubadilika. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967 na hatimaye ikawa Gécamines. Mwaka 2003, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Mwaka mmoja kabla yake, Kanuni mpya ya Madini ilikuwa imefungua mlango kwa wawekezaji wa nje.

Mji ukapanuka. Mitaa mipya ikajengwa pande za Golf na kuelekea Kasapa, na komini ya Annexe ikameza mashamba. Nyumba, ambayo zamani ilikuwa haki ya mfanyakazi, ikawa akiba ya familia, na bei yake inatajwa kwa dola. Kwa mstaafu ambaye wengi wanamfahamu, nyumba ndiyo pensheni yake yote. Akiiuza vibaya, hana nyingine ya kurudia.

> Nyumba iliyoandaliwa vizuri ni ile ambayo mwenyewe haogopi swali lolote la mgeni.

Ukuta unaokataa kuuzwa

Anayetembea katika miji ya Kongo huona maandishi makubwa ya rangi kwenye kuta za nje: *Parcelle à ne pas vendre*. Kiwanja hiki kisiuzwe. Aghalabu maneno hayo huandikwa na mtoto au ndugu wa marehemu baada ya kusikia kwamba mwenzake ameanza kuleta wanunuzi kwa siri.

Kuna wauzaji wanaodhani kuandaa nyumba ni kuyafuta maneno hayo kwa rangi. Rangi hufunika herufi, lakini majirani wanakumbuka. Na mnunuzi mwenye busara huwauliza majirani kabla ya kumuuliza komisionere.

Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, iko wazi katika jambo hili. Watoto wa marehemu ni warithi wa kundi la kwanza, na fungu lao ni robo tatu ya mali. Kundi la pili, ambamo yumo mjane, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu, hupata robo iliyobaki. Sheria hiyo pia humpa mjane ulinzi katika nyumba aliyoishi na mwenzi wake.

Msimamizi wa mirathi, ambaye kwa kawaida ni mkubwa wa warithi au yule waliyemchagua, anasimamia mali kwa niaba ya wote. Umri wake haumfanyi kuwa mwenye mali. Vilevile, mume aliye hai hawezi kuuza nyumba peke yake kana kwamba mke hayupo, kwa kuwa sheria inataka ridhaa ya wote wawili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya maandalizi haihitaji hata ndoo ya maji. Ni kikao cha familia. Wote wanaohusika wakae, wakubaliane kama nyumba inauzwa, kwa bei gani isiyopungua, nani atazungumza na wanunuzi na fedha zitagawanywa vipi. Makubaliano yaandikwe na kusainiwa. Aliye Kinshasa, Ndola au Brussels atume ridhaa yake kwa maandishi yenye nguvu kisheria. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hautoshi.

Familia iliyomaliza kikao hicho inampokea mgeni kwa utulivu. Isiyokimaliza huonekana. Mmoja akitaja bei, mwingine hukohoa. Mama mzee hujifungia chumbani. Mnunuzi anayaona yote hayo, na huyaelewa.

Karatasi ziwekwe mezani

Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi ni mali ya Serikali pekee. Raia hupewa haki ya kuitumia. Mkongomani anaweza kupata haki ya kudumu. Raia wa kigeni na kampuni hupata haki ya muda. Haki hiyo huthibitishwa na cheti cha usajili, certificat d'enregistrement, kinachotolewa na mhifadhi wa hati za mali zisizohamishika.

Tatizo ni kwamba nyumba nyingi hazijafika huko. Zipo zenye mkataba wa upangishaji wa Serikali tu, ambao ni wa muda wa miaka mitatu na hutangulia cheti. Zipo zenye fiche parcellaire, karatasi ya kiwanja kutoka komini. Kandokando ya mji, zipo zenye karatasi ya mauzo iliyosainiwa na chifu wa kimila na mashahidi wawili.

Kundi hilo la mwisho lina mgogoro mzito. Kifungu cha 389 cha sheria ya 1973 kiliahidi amri ya Rais ya kupanga haki za jamii zinazoishi kwenye ardhi za kimila. Miongo ikapita bila amri hiyo. Kwa hiyo mtu anaweza kulipa kwa chifu kwa nia njema, akajenga, kisha akatokea mwingine mwenye cheti cha Serikali kwa kiwanja kilekile.

Muuzaji wa haki hasubiri kuulizwa. Anaweka mezani nakala za kila alichonacho, anasema ni karatasi ya ngazi gani, na anamruhusu mnunuzi aende nayo kwenye ofisi ya hati na ofisi ya upimaji ardhi kuikagua. Karatasi halisi ibaki kwake hadi siku ya kuandikishana mbele ya ofisa.

Na mawe ya mipaka yaonekane. Kazi ya asubuhi moja ya kukata nyasi na kufukua mawe hayo ina thamani zaidi kuliko mapazia mapya, kwa sababu mnunuzi anataka kujua anaponunua panaishia wapi.

Rangi: wapo wanaoisifu, wapo wanaoishuku

Hapa ndipo maoni yanapogawanyika.

Upande mmoja wapo makomisionere na wauzaji wengi. Hoja yao ina uzito. Mtu huanza kununua kwa macho. Nyumba iliyopakwa rangi nyeupe, yenye ua uliofagiwa na maua ya bogenvilia yaliyokatwa vizuri, hupigwa picha nzuri na picha hizo husambaa kwenye simu. Nyumba yenye masizi jikoni na magodoro sebuleni hupunguziwa bei kabla mgeni hajavuka kizingiti.

Wanaongeza kwamba duniani kote ndivyo inavyofanyika. Huko Marekani, kupamba nyumba ya kuuzwa ni kazi kamili ya watu tangu miaka ya 1970, na kuna wanaokodisha hata meza na picha za ukutani kwa wiki chache.

Upande wa pili wapo wanunuzi na mafundi wao. Kwao rangi mbichi ni onyo. Huuliza kwa nini ukuta huu mmoja umepakwa na mwingine umeachwa. Humwagia maji chini ya sinki, hunusa kabati, huomba kupanda darini. Wengi wao wamewahi kusikia habari ya nyumba iliyong'aa mwezi Agosti na kuvuja mwezi Desemba.

Upo pia upande wa tatu, ambao hausikiki sana: wauzaji wasio na fedha. Wengi huuza kwa sababu ya ugonjwa, karo za chuo kikuu au msiba. Kumwambia mtu huyo akope ili apake rangi ni kumwongezea mzigo, kwani hana hakika lini nyumba itauzwa.

Mwandishi huyu anasimama hapa: rangi ni halali ikiwa imewekwa juu ya ukuta uliotengenezwa. Ikiwekwa ili kuficha unyevu, ni udanganyifu. Na asiye na fedha za rangi bado anaweza kuandaa nyumba vizuri kabisa kwa sabuni, fagio, hewa na ukweli.

> Rangi iliyowekwa juu ya ukuta uliotengenezwa ni heshima. Iliyowekwa juu ya unyevu ni udanganyifu.

Mvua, mchwa na udongo mwekundu

Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, na mwaka wake umegawanyika wazi: mvua kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili, kisha miezi mirefu ya ukavu, baridi ya Juni na Julai, na vumbi jekundu linalopanda hadi madirishani.

Wauzaji hupenda kuonyesha nyumba wakati wa ukavu. Ua ni mkavu, paa halisemi kitu, barabara inapitika. Mnunuzi makini hurudi mvua inaponyesha, au hutafuta alama za mvua iliyopita: madoa ya kahawia kwenye dari, chumvi nyeupe chini ya ukuta, rangi iliyojivuna kama lengelenge.

Utaratibu wa kutengeneza ni mmoja. Paa kwanza: misumari iliyolegea, bati lililotoboka, mfereji uliojaa majani ya mwembe. Kisha maji ya ua yapewe njia ya kutoka, yasilale kwenye msingi. Ukuta uachwe ukauke kwa wiki kadhaa. Plasta iliyokufa ibanduliwe na kupigwa upya. Baada ya hapo ndipo brashi iingie. Anayeanza na brashi atalipa mara mbili.

Adui mwingine ni mchwa. Vichuguu vya Katanga ni vikubwa kupita mwanadamu, na udongo wake ndio uliofyatuliwa matofali ya kuchoma ya nyumba nyingi za mji. Mdudu huyohuyo aliyeandaa udongo hurudi kula mbao za dari na fremu za milango. Njia zake za tope ukutani zisifagiliwe tu asubuhi ya wageni. Fundi aitwe, mbao zilizoliwa zibadilishwe, na mnunuzi aambiwe kilichofanyika.

Maji, umeme na kilicho nje ya ukuta

Hakuna anayeishi Lubumbashi asiyejua kukatika kwa umeme wa shirika la SNEL wala bomba la shirika la maji la REGIDESO linalotoa maji usiku wa manane. Mnunuzi anajua pia. Kwa hiyo hakuna faida ya kudai kwamba umeme upo siku zote. Afadhali kusema mtaa wetu hupata umeme saa fulani hadi saa fulani, mita ni hii, bili za mwisho ni hizi na deni limelipwa au ni kiasi hiki.

Kama kuna kisima, kionyeshwe kikifanya kazi, pamoja na umbali wake hadi shimo la choo. Wataalamu wa usafi hupendekeza angalau mita 30. Kwenye viwanja vidogo vya komini za Katuba, Kenya na Kamalondo, vilivyopimwa enzi za ukoloni, umbali huo ni vigumu kupatikana, na mnunuzi ana haki ya kujua ili achemshe au atibu maji.

Kisha kuna jambo ambalo fagio haliwezi kuliondoa. Huu ni mji wa kuyeyusha shaba tangu mwaka 1911. Bomba refu la moshi na mlima wa taka za shaba vinaonekana kutoka mbali. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo yanayoonyesha viwango vikubwa vya kobalti na metali nyingine katika mkojo wa wakazi wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Novemba 2025, maji ya kiwanda kimoja cha madini yalifurika katika mitaa ya Annexe, na Serikali ikakisimamisha.

Nyumba iliyo karibu na kiwanda ina haki ya kuuzwa kama nyingine. Lakini anayejua kwamba maji machafu yalifika uani na akanyamaza, anamuuzia mwenzake hatari kwa watoto wake.

Wanaobeba kazi yenyewe

Siku za wageni, anayeamka alfajiri ni mama na mabinti. Ndio wanaosugua, wanaochota maji, wanaohamisha vyungu na kuwatuliza watoto. Mara nyingi hawaulizwi bei wala siku ya kuuza. Kama nyumba inauzwa kwa jasho lao, sauti zao ziwemo katika kikao cha kwanza.

Wapo pia wapangaji wa vyumba vya nyuma. Wengi hujua kwamba nyumba inauzwa pale mgeni anapochungulia kitandani kwao. Hilo halifai. Mpangaji aambiwe mapema, apangiwe saa, na mnunuzi aelezwe mkataba wake unaisha lini na dhamana yake iko kwa nani. Mpangaji aliyeheshimiwa hufungua mlango. Aliyedharauliwa humweleza mnunuzi kila kasoro ya nyumba, na ana haki.

Na usalama usisahaulike. Picha zinazosambaa kwenye WhatsApp na Facebook zisionyeshe nyuso za watoto, funguo, televisheni wala sanduku la mama. Wageni wapokewe mchana, kwa miadi, na watu wazima wasiopungua wawili wawepo. Komisionere aandikishane na mwenye nyumba malipo yake kabla ya kumleta mtu wa kwanza. Nyumba moja ikitajwa na makomisionere watano kwa bei tano, mnunuzi huhitimisha kwamba haina mwenyewe.

Orodha ya muuzaji

• Kikao cha familia kifanyike na maandishi yasainiwe na warithi wote, au na mume na mke.

• Nakala za karatasi, bili za maji na umeme, na risiti za kodi ziwe kwenye faili moja.

• Mawe ya mipaka yafukuliwe na nyasi zikatwe.

• Paa, mifereji ya maji na milango vitengenezwe; ukuta ukauke; rangi mwisho.

• Vitu visivyotumika vitolewe, madirisha yafunguliwe, jiko na choo visuguliwe. Choo safi husema mengi kuliko kochi jipya.

• Kasoro zisizoweza kutengenezwa ziandikwe na zitajwe kabla ya bei.

• Wapangaji na majirani wajulishwe.

Wito

Muuzaji wa Lubumbashi anayo mengi ya kupoteza, na mnunuzi vilevile. Kati yao yapo mapato ya miaka thelathini mgodini, au akiba ya mama aliyeuza unga katika soko la Kenya. Fedha za namna hiyo hazistahili kujengwa juu ya plasta inayolia.

Ofisi za hati na za upimaji ardhi ziwarahisishie wananchi ukaguzi wa karatasi kwa ada inayojulikana na iliyobandikwa ukutani. Mameya wa komini wasisaini mauzo kabla ya kuthibitisha ridhaa ya warithi. Makomisionere wajiunge na kujiwekea kanuni, kwa kuwa jina baya la mmoja linawachafua wote.

Nawe unayefikiria kuuza: itisha kikao cha familia wiki hii, na utafute faili. Nawe unayefikiria kununua: usitoe hata dola moja kabla ya kuiona karatasi kwenye ofisi iliyoitoa na kuiona nyumba siku ya mvua.